Kukasimu, kukaimu na kutegea: msamiati wa kazi iliyo mikononi mwa mwingine

Tuchukue mfano wa sentensi inayoweza kukutwa katika barua ya ofisi yoyote: *Mtendaji wa Kata ya Mbuba amekaimu madaraka yake kwa Mtendaji wa Kijiji.* Barua yenyewe ni ya kubuni, lakini kosa lililomo ni la kila siku. Mwandishi alikusudia kusema kwamba mkubwa amempa mdogo sehemu ya madaraka yake. Alichokiandika ni kwamba mkubwa huyo anashika kwa muda nafasi ya mtu mwingine. Herufi moja, *s*, imeanguka, na pamoja nayo limepotea jibu la swali muhimu katika kazi yoyote: ni nani atakayeulizwa mambo yakiharibika?

Makala haya yanafafanua maneno yanayotumika pale mtu anapoiweka kazi yake mikononi mwa mwingine, kisha yanaonyesha namna maneno hayo yanavyosaidia kueleza tawi la utafiti ambalo watafsiri hukutana nalo zaidi siku hizi: uigaji wa kompyuta unaochunguza jinsi watu wanavyokabidhiana kazi, wanavyolipana motisha, na wanavyokosea kwa sababu hakuna anayejua kila kitu.

Kasimu, kaimu, gatua

*Kasimu* limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugawa. Ndugu yake katika Kiswahili ni *kasma*, yaani fungu la fedha katika bajeti. Anayekasimu madaraka hugawa alichonacho: sehemu inakwenda kwa mwingine, lakini yeye hubaki katika nafasi yake na huweza kuirudisha sehemu hiyo kwa barua nyingine. Husemwa: *Mkurugenzi amekasimu kwa mhasibu mamlaka ya kuidhinisha malipo madogo.*

*Kaimu* limetokana na mzizi wenye maana ya kusimama. Katika ukoo huo wamo *makamu*, kwa maana ya mahali pa kusimama, na *kiyama*, siku ya kusimama kwa wafu. Kaimu husimama mahali pa mtu ambaye hayupo. Husemwa: *Mhasibu anakaimu nafasi ya Mkurugenzi aliyeko likizo.* Hapa hakuna kilichogawanywa. Kiti kizima kina mtu mwingine kwa muda.

*Gatua* ni kuhamisha madaraka kutoka ngazi ya juu kwenda ngazi ya chini kwa mpango wa kudumu, aghalabu kwa sheria. Nchini Kenya, *ugatuzi* ni jina la mfumo wa kaunti ulioletwa na Katiba ya mwaka 2010. Nchini Tanzania, sera ya mwaka 1972 iliyojulikana kama Madaraka Mikoani bado hutajwa katika mijadala ya *ugatuaji*. Kilichokasimiwa huweza kurudishwa kwa barua. Kilichogatuliwa kwa sheria hakirudi mpaka sheria ibadilishwe.

Walimu wazingatie umbo la kutendwa. Kama ilivyo kwa *jibu – jibiwa* na *hesabu – hesabiwa*, *kasimu* huzaa *kasimiwa*. Umbo hilo moja hubeba kazi mbili: madaraka *yamekasimiwa*, na mtu pia *amekasimiwa* madaraka. Kutokana na hapo tunapata jozi iliyo wazi: *mkasimu* ndiye anayetoa, *mkasimiwa* ndiye anayepokea.

Mzizi wa zamani zaidi: -tum-

Kabla ya maneno hayo kuingia kutoka Kiarabu, Kiswahili kilikuwa na mzizi wake wa Kibantu, *-tum-*. Mzizi huu umeenea mno. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako Kishubi na Kihangaza huzungumzwa, msomaji yuko katika kundi lilelile la lugha lenye Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, na kwa Kirundi na Kinyarwanda mjumbe huitwa *intumwa*.

Katika Kiswahili mzizi huo umezaa ngazi nzima ya watu na vyombo. *Mtume* ni aliyetumwa kwa jambo kubwa la imani. *Mtumwa* ni aliyetumwa bila hiari. *Mtumishi*, kutoka *tumika*, ni anayetumika kwa ujira au kwa wito. *K* ya *tumika* imegeuka *sh* kama ilivyogeuka katika *pika – mpishi* na *andika – mwandishi*. *Tume* ni kundi lililotumwa kuchunguza au kusimamia jambo. Ni mzizi mmoja, na ngazi za heshima zinatofautiana sana. Ndiyo sababu mtafsiri hawezi kuchukua jozi ya *mtumaji* na *mtumwa* kueleza uhusiano wa kazi wa leo, ijapokuwa sarufi inaruhusu. Historia imekwisha kulitwaa neno la pili.

Madaraka hugawanyika, taarifa hazifuati

Kitenzi *kasimu* hueleza mgawanyo wa madaraka tu. Hakisemi lolote kuhusu taarifa. Mkasimu hubaki na hati ya makabidhiano, ilhali mkasimiwa hubaki na kazi yenyewe pamoja na yote anayoyaona akiifanya. Wachumi huuita uhusiano huu tatizo la tendo lililofichika: mwenye kazi huona matokeo, lakini haoni bidii iliyoyaleta.

Kiswahili kinalifahamu tatizo hilo kwa undani, maana kimelipatia kitenzi chake, *kutegea*. Anayetegea kazi hakatai kazi, wala hagomi. Yupo mahali pa kazi, jembe liko mkononi, isipokuwa nguvu ameziweka akiba na anangoja wenzake wamalize. Mgomo hutangazwa; kutegea hufichwa. Methali nayo inasema paka akiondoka, panya hutawala.

Msamiati wa kazi za mashambani una orodha ya dawa zilizojaribiwa. *Ngwe* ni kipande cha shamba kilichopimwa, anachopewa mtu mmoja akimalize. Kwa kuigawa kazi katika ngwe, mwenye shamba hana haja ya kumtazama mlimaji, hutazama ardhi iliyolimwa. *Kibarua* hapo mwanzo ni barua ndogo, hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili adai ujira wake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi na la mtu mwenyewe. *Kipande* kilikuwa kadi ya kazi katika mashamba ya Tanganyika ya kikoloni, yenye nafasi 30 za kutiwa alama, siku moja baada ya nyingine. *Nyapara*, neno linalohusishwa na *mnyampara*, kiongozi wa msafara wa wapagazi wa Kinyamwezi, ndiye aliyewekwa kuona kile ambacho mwenye mali hakuweza kukiona.

Kila dawa ina upungufu wake. Ngwe huonyesha eneo lililolimwa, si kina cha jembe. Kipande huonyesha siku, si kazi ya siku. Nyapara naye ni mkasimiwa. Anaweza kutegea, au kupatana na wanaotegea. Kumweka msimamizi kunaongeza ngazi moja ya kukasimu, na katika ngazi hiyo tatizo lilelile la taarifa hurudi.

Ngara, 1994

Uzito wa jambo hili ulionekana katika Wilaya ya Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera na kuingia Tanzania katika muda wa takribani saa 24. Wengi walifikia Benaco, kambi iliyokua haraka kuliko uwezo wa mtu yeyote kuhesabu.

Mashirika ya misaada yalihitaji kugawa chakula kwa umati ambao hayakuujua kwa majina, kwa idadi wala kwa historia. Wakimbizi walikuwa wamefika pamoja na viongozi wa komuni zao, nao viongozi hao walikuwa na vitu viwili ambavyo mashirika hayakuwa navyo: orodha na sauti. Hapo mwanzo kazi ya kuorodhesha watu na kugawa chakula ikapitishwa mikononi mwao. Kwa macho ya mwenye haraka, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Watu walikuwa na njaa, na kulikuwa na watu tayari waliojua nani ni nani.

Lakini viongozi hao walikuwa na malengo yao. Jina la ziada katika orodha lilikuwa mgao wa ziada, na aliyeshika mgao alishika watu. Orodha zilizidi idadi ya walaji, na baadhi ya waliokabidhiwa chakula walikuwa wametuhumiwa kushiriki katika mauaji. Mwezi Juni 1994 jaribio la kumwondoa kambini mmoja wa watuhumiwa hao lilizua ghasia. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi za Zaire na za Tanzania, likieleza kuwa misaada ilikuwa inawaimarisha waliohusika na mauaji. Baadaye njia ya ugawaji ilibadilishwa, chakula kikapelekwa karibu zaidi na kaya zenyewe badala ya kupita kwa kiongozi mmoja wa watu wengi.

Tukiutazama mkasa huu kwa maneno tuliyokwisha kuyafafanua, mashirika yalikasimu mambo mawili kwa pamoja: kugawa na kuhesabu. Aliyepewa kugawa ndiye pia aliyepewa kutoa hesabu ya waliogawiwa. Methali isemayo mali bila daftari huisha bila habari haikutosha hapa, kwa kuwa daftari lilikuwapo. Tatizo ni kwamba lilikuwa mikononi mwa mwenye masilahi nalo.

Namna modeli inavyofanya kazi

Nadharia ya kiuchumi ya mkasimu na mkasimiwa ilipata umbo lake katika miaka ya 1970. Miongoni mwa makala yake mashuhuri ni ile ya Michael Jensen na William Meckling ya mwaka 1976 na ile ya Bengt Holmström ya mwaka 1979. Holmström na Oliver Hart walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2016 kwa kazi zao kuhusu mikataba. Nadharia hiyo ina sharti moja gumu. Humdhania mkasimu kuwa haoni bidii ya mkasimiwa, lakini anajua mengi mengineyo: uwezekano wa mvua na ukame, tabia ya mkasimiwa, na hesabu ya kuchagua ujira ulio bora. Herbert Simon, aliyepata tuzo hiyohiyo mwaka 1978, alikwisha kuonyesha kwamba binadamu haamui hivyo. Huamua kwa taarifa chache, kwa muda mfupi, na huridhika na kinachotosha.

Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapoingia. Badala ya kutafuta jibu moja kwa mlinganyo, mtafiti huwaumba ndani ya kompyuta wahusika wengi, kila mmoja na taarifa zake, kumbukumbu zake na kanuni zake chache za kuamua. Kisha huwaacha watendeane, msimu baada ya msimu, na kutazama kinachojitokeza. Thomas Schelling alitumia wazo hili mwaka 1971 kuchunguza jinsi mitaa inavyogawanyika kwa makundi, na Joshua Epstein na Robert Axtell walilipanua katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu jamii zinazokuzwa ndani ya kompyuta.

Mfano mdogo utasaidia. Tuseme mwenye shamba la kahawa Mbuba anaishi Mwanza. Kibarua wake hufanya kazi kwa bidii inayopimwa kwa alama 1 hadi 10. Mavuno ni bidii hiyo kujumlisha au kutoa athari ya mvua. Mwenye shamba huona mavuno peke yake, na hulipa motisha kwa kadiri ya mavuno.

Msimu wa kwanza kibarua anajituma: bidii 7. Mvua ni mbaya na inaondoa 3. Mavuno ni 4. Msimu wa pili anategea: bidii 3. Mvua ni nzuri na inaongeza 4. Mavuno ni 7. Motisha ya msimu wa kutegea ni kubwa kuliko ile ya msimu wa kujituma. Kibarua mwenye kumbukumbu fupi atajifunza kwamba bidii hailipi, na mwenye shamba mwenye kumbukumbu fupi ataamini kwamba mfanyakazi wake amebadilika na kuwa mwema. Hakuna aliyedanganya. Wote wawili wamejifunza kutokana na walichokiona, na wote wawili wamejifunza jambo lisilo kweli.

Sasa tuongeze taarifa moja: mavuno ya jirani. Msimu wa kwanza jirani, aliyenyeshewa mvua ileile, amepata 2. Mavuno 4 ya kibarua wetu yanaonekana kwa sura nyingine. Msimu wa pili jirani amepata 10, na ile 7 inaacha kusifika. Ujira haujaongezwa hata senti. Kilichoongezwa ni kipimo kinachotenganisha mvua na mkono wa mtu. Katika modeli yenye mashamba mengi na misimu mingi, mtafiti huweza kuongeza au kupunguza taarifa ya namna hii, kurefusha au kufupisha kumbukumbu, kisha kuona ni lini kutegea kunaenea na ni lini kunakoma.

Somo la Benaco linasomeka katika muundo huohuo. Huko kipimo hakikufichwa na mvua, bali kilikuwa mali ya mkasimiwa mwenyewe. Modeli ambayo ndani yake mgawaji ndiye anayetoa hesabu haitarekebishwa kwa kumwongezea motisha, kwa kuwa kila motisha itafuata namba anazoziandika yeye. Itabadilika pale hesabu itakapotoka kwa mtu mwingine.

Wakala, mtendaji au mhusika?

Watafsiri hupata shida kwa sababu lugha kadhaa za Ulaya zina neno moja, lenye asili ya kitenzi cha Kilatini *agere*, ‘kutenda’, ambalo hutumika kwa vitu viwili: mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine, na kila kiumbe cha kubuni kinachoamua jambo ndani ya modeli. Tafsiri nyingi huandika *wakala* kotekote. Matokeo ni sentensi kama *mawakala wawili, mmoja wao akiwa mwajiri wa wakala wa pili*, ambayo humchanganya msomaji makini.

*Wakala* lina mzizi mmoja na *wakili*, *wakilisha* na *tawakali*. Wote wamo katika maana ya kukabidhi jambo kwa mwingine na kumtegemea. Wakala wa mabasi, wakala wa fedha za simu na wakala wa forodha wote wana mtu nyuma yao. Kiumbe wa modeli hana mtu nyuma yake. Mwenye shamba ndani ya modeli ni kiumbe wa aina hiyo, lakini si wakala wa yeyote.

*Mtendaji* lingefaa kwa maana yake, lakini nchini Tanzania limekwisha kuwa cheo. Mwanafunzi wa Ngara akisoma *watendaji 100 walitegea* atafikiri habari za vijiji.

Linalobaki ni *mhusika*. Wasomaji wanalijua kutoka fasihi, ambako mhusika ni mtu wa kubuni mwenye nia, mipaka na mwenendo wake, ambaye mwandishi humweka katika mazingira fulani ili tuone atakalofanya. Mhusika wa modeli ni hivyohivyo. Kwa hiyo *modeli ya wahusika* inapendekezwa kwa tawi zima la utafiti, na *wakala* au *mkasimiwa* kwa mtu aliyekabidhiwa kazi. Sentensi iliyotangulia sasa itasomeka: *wahusika wawili, mmoja mkasimu na wa pili mkasimiwa.*

Motisha na posho

*Motisha* ni kitu kinachoahidiwa au kutolewa ili kuamsha bidii. *Kishawishi* pia huamsha, lakini huelekeza kwenye jambo lisilofaa. Si tafsiri salama ya motisha. *Posho* ni neno la kuangaliwa. Maana yake ya zamani ni chakula cha siku alichopewa mpagazi, askari au mfanyakazi. Nchini Uganda limebaki karibu na chakula, kwa maana ya ugali au unga wa mahindi. Katika ofisi za Tanzania ni fedha za safari, za kikao au za kujikimu. Posho hutolewa ili mtu aweze kuifanya kazi. Motisha hutolewa ili apende kuifanya vizuri. Mtafsiri akiandika *posho* pahali pa motisha, humfanya msomaji aamini kwamba malipo hayategemei matokeo.

Muhtasari wa matumizi

- Tumia *kasimu* pale mwenye madaraka yupo na ametoa sehemu.
- Tumia *kaimu* pale mwenye nafasi hayupo na mwingine ameishika.
- Tumia *gatua* pale madaraka yamehamishiwa ngazi ya chini kwa mpango wa kudumu.
- Tumia *wakala* kwa anayetenda kwa niaba ya mwingine, na *mhusika* kwa kiumbe wa modeli.
- Usitumie *goma* pahali pa *tegea*, wala *posho* pahali pa *motisha*.

Sentensi iliyofungua makala haya basi iandikwe: *Mtendaji wa Kata ya Mbuba amekasimu kwa Mtendaji wa Kijiji mamlaka ya kugawa mbegu.* Ikiwa barua ni ya mtu anayejali matokeo, sentensi ya pili itafuata, nayo itamtaja mtu mwingine: *Hesabu ya kaya zilizopokea itatolewa na kamati ya wanakijiji.*